Aliyenigonga ana bima, sasa wananitaka nisaini laki tatu na themanini

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni muuguzi, naishi Tabata, na gari langu ni IST ya mwaka 2004 niliyoinunua kwa mkopo wa kazini ambao bado naulipa. Mwezi uliopita nilikuwa natoka zamu ya usiku, nimesimama kwenye mataa ya Buguruni, mbele yangu daladala, taa ni nyekundu. Nikasikia kishindo nyuma. Pikapu ya kampuni moja inayosambaza vinywaji ilikuwa imenivaa.

Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Dereva alishuka ameshika kichwa, akaanza kunibembeleza: "Dada, tuyamalize hapa hapa, bosi akijua atanikata mshahara." Akatoa elfu hamsini mfukoni. Nilimhurumia, lakini nilipoona bampa linaning'inia, mlango wa nyuma, ule wa buti, umebonyea upande wa chini na taa ya kulia imebaki vipande, nikajua elfu hamsini hainifikishi popote. Nikapiga picha magari yote mawili kabla hayajasogezwa, nikapiga picha na leseni yake, tukamsubiri trafiki. Trafiki akapima, akachora, tukaongozana hadi kituoni. Dereva alikiri mwenyewe kwamba alikuwa anasoma ujumbe kwenye simu. Fomu zote za polisi ninazo.

Bima yangu ni ile ndogo ya laki moja na kumi na nane. Wakala wangu aliniambia hiyo inalipa watu nitakaowagonga mimi, gari langu haligusi, kwa hiyo nimfuate aliyenigonga. Namba ya pikapu nimeihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mdhibiti wa bima nchini: bima yake ni kubwa, ile inayolipa hata gari la mwenyewe, na ilikuwa hai siku ya tukio. Nikatulia nikidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Hadi sasa nina karatasi tatu ambazo hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni ya fundi wetu wa mtaani, ameandika kwenye karatasi ya daftari: "kunyosha, rangi, taa, 380,000". Basi. Ya pili ni profoma ya gereji moja ya Keko, ina mhuri: bampa jipya 280,000, taa ya nyuma kulia 150,000, chuma cha ndani ya bampa 120,000, kunyoosha paneli ya nyuma na sakafu ya buti 150,000, rangi ya bampa na mlango wa nyuma 300,000, ufundi 100,000. Jumla 1,100,000, wakaongeza VAT 198,000, ikafika 1,298,000. Hii ndiyo niliyoipeleka kwenye kampuni ya bima ya pikapu.

Wakamtuma mthamini wao. Alinifuata kazini, akalizunguka gari, akapiga picha kwa simu, akaondoka. Hakuna kilichofunguliwa. Baada ya hapo kila nikipiga simu naambiwa faili liko mezani. Juzi ndipo nimepata karatasi ya tatu, barua yao: bampa kukarabati 80,000, taa 90,000, chuma cha bampa sifuri, paneli na sakafu 100,000, rangi ya bampa tu 150,000, ufundi 60,000. Jumla 480,000. VAT wameifuta. Halafu wametoa laki moja wakaiita eksesi. Inabaki 380,000, pamoja na karatasi ya Kiingereza ambayo natakiwa kuisaini ndani ya siku 7 ndipo walipe.

Mume wangu anasema nichukue, si ndiyo bei ileile ya fundi wa mtaani? Fundi wa Keko ameniita pembeni, anasema ningemwambia mapema angeandika milioni mbili, wakikata wakate huko juu, kinachobaki tugawane, na bado yuko tayari kuniandikia profoma nyingine. Dereva wa pikapu naye ananipigia usiku akiomba nisimfikishe mbali. Mimi ninachokijua ni kwamba mvua ikinyesha buti linaingiza maji, na kazini siku hizi naenda kwa bajaji.

Nisaini, Mjomba? Na je, nikikata bima kubwa mwaka huu, haya hayatanikuta tena?

Muuguzi wa Tabata

* * *

Marahaba, mpwa wangu. Pole kwa kishindo na pole kwa bajaji. Usisaini.

Kukataa kwako zile elfu hamsini kumekuokoa. Fomu za polisi, yaani PF 90, PF 93 na PF 115, pamoja na ule mchoro wa trafiki, ndizo zinazokufanya uwe mdai badala ya mlalamikaji tu. Zitoe nakala, halisi zake usimwachie mtu yeyote bila kusainiwa kwamba amezipokea. Nimekaa kwenye meza za madai ya magari miaka mingi, na mafaili yanayokufa huko mara nyingi hufa kwa sababu karatasi moja imepotea na hakuna anayekumbuka aliyeichukua.

Tuanze na ile laki moja, maana ndiyo iliyonipandisha damu. Eksesi ni ile sehemu ya hasara ambayo mwenye bima amekubali kuibeba mwenyewe kila akidai. Hayo ni makubaliano ya watu wawili, kampuni ya bima na mwenye pikapu. Wewe hukuwepo. Aliyekugonga ana deni la kukurudishia gari lako lilivyokuwa kabla ya kishindo, na bima yake imekuja kumsaidia kulipa deni hilo, haikuja kulipunguza. Kwa hiyo yawezekana kampuni ina haki, kwa mkataba wao, kutoa pungufu ya laki moja. Lakini laki hiyo haifi. Inahamia kwa mwenye pikapu, na utamdai yeye kwa barua.

Nasema mwenye pikapu, sisemi dereva. Yule kijana alikuwa kazini, kwenye gari la mwajiri wake, akipeleka vinywaji vya mwajiri wake. Kosa la mtumishi akiwa kazini linamrudia mwajiri. Akikupigia tena usiku, mwambie kwa upole kwamba humdai yeye, unaidai kampuni yake, na azime simu akiwa barabarani. Hela yake usiipokee hata senti. Ukipokea elfu hamsini kwa huruma, kesho kampuni yake itasema mlishamalizana, na ushahidi utakuwa ule ujumbe wa muamala kwenye simu yako.

Sasa karatasi zako tatu. Mtu akipewa makadirio matatu, macho yanakimbilia mstari wa chini. Ndicho alichofanya mume wako: ameona 380,000 huku na 380,000 kule, akasema bei ni moja. Hazifanani kabisa, namba tu zimegongana. Profoma ni orodha ya maamuzi ambayo fundi ameyafanya juu ya gari lako: hiki nabadilisha, hiki nanyoosha, hiki nakiacha. Bei inafuata maamuzi hayo. Fundi wa mtaani amekuandikia maneno matatu, na humo ndani hujui kama bampa atalichomelea kwa pasi ya moto au ataleta jingine, wala rangi inafika wapi. Karatasi hiyo iweke kando. Si kwamba fundi ni mbaya, huenda mkono wake ni mzuri kuliko wa Keko, ila karatasi yake haiwezi kumjibu mthamini. Mwombe aandike upya, kila kitu na mstari wake.

Zinabaki mbili, na hizo tuzisome mstari kwa mstari.

Bampa. Keko wanataka jipya, bima wanataka kukarabati. Hapa jibu liko kwenye vishikio. Bampa la plastiki lililopasuka katikati linachomelewa, linapigwa puti na rangi, na likifanywa vizuri hulijui. Lakini lako linaning'inia, maana yake vile vishikio vinavyolibana kwenye madigadi vimekatika. Kishikio kilichochomelewa hakikai: barabara za Tabata zitalilegeza mapema tu. Kwa hiyo dai kubadilishiwa. Ila jipya la dukani kwa gari la mwaka 2004, hapo mthamini atakuambia unataka kupata faida juu ya ajali, na si mjinga akisema hivyo. Njia ya katikati ipo Gerezani na Ilala: bampa halisi la IST lililotoka Japani likiwa limetumika, mara nyingine hata la rangi yako. Ulizia bei maduka mawili, omba waandike. Mimi huwa nalipenda hilo kuliko jipya la bei rahisi, maana bampa jipya lisilo la kiwandani mara nyingi halikai vizuri kwenye kona, utaona pengo la kidole upande mmoja.

Taa sina ugomvi nayo. Elfu tisini ya bima inanunua taa iliyotumika iliyo nzima. Kubali.

Rangi. Bima wameandika bampa tu, na wewe umeniambia mlango wa nyuma umebonyea. Picha ulizopiga Buguruni zinaonyesha? Kama zinaonyesha, huo mstari hauna ubishi, mlango unaingia. Lakini laki tatu ya Keko kwa vipande viwili imenenepa kidogo. Na fundi yeyote utakayempa kazi mwambie achanganye rangi kwa namba iliyoandikwa kwenye kibao cha chasisi chini ya boneti, asikisie kwa macho, la sivyo nyuma ya gari itakuwa na umri wake na mbele umri wake.

Ufundi. Waulize Keko hii laki moja ni ya nini, ikiwa kunyoosha kuna bei yake na rangi ina bei yake. Kinachobaki ni kufungua na kufunga tu, na hiyo elfu sitini ya bima inatosha. Hapa mthamini yuko sahihi. Ukubali mbele yake, maana ukikubali palipo haki atakusikiliza pale unapokataa.

VAT. Gereji isiyosajiliwa kwa VAT haina ruhusa ya kumtoza mtu VAT. Waombe Keko namba yao ya usajili wa VAT, ile inayotokea kwenye risiti ya EFD chini ya TIN. Wakiwa nayo, bima haina sababu ya kukataa asilimia 18 gari likitengenezwa hapo na risiti ikatolewa. Wakianza kuzungukazunguka, elewa kwamba zile 198,000 zilikuwa zinaelekea mfukoni, na bima wamefanya vyema kuzifuta.

Nimekiacha chuma cha ndani ya bampa makusudi, kwa sababu kwenye barua yako kuna sentensi moja uliyoipitisha kama lalamiko la kawaida, na kwangu ina uzito kuliko profoma zote: mvua ikinyesha, buti linaingiza maji. Kabla ya ajali lilikuwa haliingizi? Kama ni hivyo, basi kishindo hakikuishia kwenye plastiki. Kilipita kwenye bampa, kikafika kwenye chuma, kikasukuma paneli ya nyuma, na ule mpira unaozunguka mlango haukai tena mahali pake. Mthamini ameandika sifuri kwa chuma ambacho hakukiona. Wewe ni muuguzi: ni sawa na mtu kuandika kwamba mfupa ni mzima bila kupiga eksirei.

Fanya hivi kesho asubuhi mwanga ukiwa mzuri. Fungua buti, toa zulia, toa tairi ya spea. Pitisha vidole kwenye lile bati inapokaa tairi, tafuta mikunjo na rangi iliyopasuka kama nyuzi. Kisha funga mlango, simama nyuma, angalia nafasi kati ya mlango na bodi, kushoto na kulia. Upande wa kulia ukiwa mwembamba kuliko wa kushoto, piga picha ukiweka rula pale. Halafu mtu mmoja aingie nyuma na tochi, viti vimelazwa, mwingine amwage maji taratibu kwa mpira kuanzia juu ya mlango kushuka. Maji yakianza kuingia, aliye ndani ataona yanapotokea. Rekodi video, uso wa mtu usionekane, maji yaonekane. Video hiyo ina nguvu kuliko mhuri wa Keko.

Bampa lenyewe usilifungue peke yako. Likifunguliwa bila mthamini kuwepo, wanaweza kusema chuma kimepindia gereji. Waandikie kwanza, barua pepe au barua ya mkono yenye mhuri wa kupokelewa, maneno machache tu, kama haya:

"Nimepokea barua yenu kuhusu dai la gari langu. Sikubaliani na tathmini. Gari lilikaguliwa bampa likiwa limefungwa, hivyo hali ya chuma cha ndani, paneli na sakafu ya buti haikuonekana. Tangu ajali, buti linaingiza maji, naambatanisha video. Mlango wa nyuma umebonyea, kama picha za eneo la tukio zinavyoonyesha, lakini haumo kwenye tathmini. Vishikio vya bampa vimekatika, hivyo haliwezi kukarabatiwa. Naomba mthamini awepo bampa likifunguliwa, na naomba nakala ya ripoti yake. Nakubaliana na bei yenu ya taa na ya ufundi."

Ile sentensi ya mwisho usiiondoe. Inaonyesha umesoma, hujaja kugomba.

Nikizipanga karatasi zako upya, bampa la Gerezani, taa yao, paneli kwa bei ya Keko, rangi ya vipande viwili iliyopunguzwa kidogo, na ufundi wa elfu sitini, naona dai lako likikaa karibu na laki saba na nusu kabla ya VAT. Chuma cha ndani kikikutwa kimepinda, ongeza hapo laki na kitu. Si 1,298,000, na wala si 380,000.

Sasa ile karatasi ya Kiingereza. Sijaiona, lakini za aina yake nimeziona nyingi, na zote zina sentensi moja ya msingi: kwamba umepokea malipo hayo kama malipo kamili na ya mwisho, na hutadai tena chochote kutokana na ajali hiyo, si kwa kampuni ya bima wala kwa mwenye gari. Ukiisaini leo, fundi akafungua bampa kesho akakuta chuma kimekunjika, gharama ni yako. Na ile laki ya eksesi niliyosema umdai mwenye pikapu, nayo umeisamehe kwa saini hiyohiyo. Wakikupa fedha mkononi, hasara yoyote itakayojitokeza baadaye wamekuachia wewe. Ndiyo maana kwa gari lenye dalili za ndani mimi napendelea waipe gereji kibali cha kazi na wailipe gereji moja kwa moja, kikigundulika kitu cha ziada gereji inaandika makadirio ya nyongeza kabla ya kuendelea. Vipuri vilivyotolewa, likiwemo bampa lililopasuka, visitupwe mpaka mthamini aviangalie.

Na zile siku 7? Wamezipanga wao. Muda wa kisheria wa kufungua kesi ya madhara ya namna hii Tanzania Bara ni miaka 3. Sikuambii ukae miaka 3, nakuambia usikimbizwe.

Wakikujibu vibaya au wakinyamaza, omba msimamo wao kwa maandishi, uupeleke kwa TIRA pamoja na nakala zako zote. Ipo pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya mivutano kama hii. Mara nyingi hutafika huko. Nimeona faili lililolala mezani likiamka asubuhi hiyohiyo mdai anapoandika kwamba nakala ya barua imekwenda kwa mdhibiti.

Kuhusu fundi wa Keko na milioni mbili zake, hilo ni jambo la jinai, na profoma inapelekwa kwa jina lako, si lake. Wathamini wanaziona profoma kila siku, bei ya bampa la IST wanaijua kwa kichwa. Wakishuku, hawatapunguza zile zilizozidi, watalifunga faili zima na maji yataendelea kuingia. Na ukija na profoma mpya iliyopanda kutoka 1,298,000 hadi milioni mbili bila kitu kipya kugunduliwa, umewaandikia ushahidi mwenyewe. Mimi gari langu nisingemwachia. Anayekushirikisha kumwibia mwingine, spea yako nzima akiitoa akakuwekea mbovu utajuaje?

Nauli za bajaji ziingize kwenye barua ya mwenye pikapu, pamoja na eksesi. Bima huwa wanazikwepa, lakini ni hasara iliyotokana na ajali na mwenye gari anaweza kudaiwa. Bajaji hazitoi risiti, kwa hiyo lipa kwa simu inapowezekana, na weka kidaftari: tarehe, ulikotoka, ulikokwenda, kiasi. Dai za kwenda kazini na kurudi. Ukiingiza na ya harusi ya Mbagala watakucheka.

Mwisho umeniuliza bima kubwa. Kwa gari binafsi kiwango cha kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani. IST yako tuiweke milioni kumi: 350,000, ongeza VAT, inafika 413,000 kwa mwaka, dhidi ya 118,000 unayolipa sasa. Ungekuwa nayo siku ile, ungedai kwa kampuni yako, nayo ingeidai ile ya pikapu kwa niaba yako. Ungepumzika simu. Lakini ungekutana na eksesi tena, safari hii yako mwenyewe kweli, na kwa kugongwa kidogo kama huku inaweza kumeza sehemu kubwa ya malipo. Bima kubwa unaikata kwa ajili ya wizi, moto, gari kupinduka, na kwa ajili ya kugongwa na mtu asiye na bima wala hela. Gari likiwa bado lina mkopo mimi ningeikata, ila ningesoma mstari wa eksesi kabla ya mstari wa bei.

Na thamani ya gari usiipunguze ili ada ishuke. Gari la milioni kumi ukiliandikisha milioni sita, siku ya hasara ya milioni moja watakuhesabia laki sita, kisha watoe eksesi, na watakuwa na haki kwa mujibu wa mkataba. Wakala akikuambia "andika sita tu, dada, nani atajua", mwombe aandike kwenye karatasi kwamba utalipwa kamili, asaini, agonge mhuri.